Épitace Aliyeisalimia Raketi

Watu wenye adabu nyingi wanachosha. Najua kanisani watanitazama vibaya kwa kusema hivi, lakini mimi ndiye niliyekaa jirani na Épitace Nizigama miaka yote hii katika soko la Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, yeye na cherehani yake ya miguu, mimi na rundo langu la mitumba ambayo Wamalawi wanaiita kaunjika. Haki ya kulalamika ninayo.

Épitace ni fundi nguo, Mrundi, mrefu, na shingo yake imepinda kidogo kwa kuinamia watu. Kuku akikatiza njia, anasimama kuku apite. Akipanda kabaza, zile baiskeli zetu za abiria, wakifika kwenye mlima anashuka amsaidie mwenye baiskeli kusukuma, na mwisho wa safari yeye ndiye anayesema zikomo, zikomo, asante ya Kichewa, mpaka mwenye baiskeli anaona aibu. Bombani anampisha kila mama mwenye mtoto mgongoni. Sasa niambie, hapa Dzaleka mama asiye na mtoto mgongoni ni nani? Basi anarudi na ndoo tupu na tabasamu usoni. Suruali zake mwenyewe zimechanika magotini, kwa kuwa kila akianza kuzitia kiraka anatokea mtu mwenye haraka. Kwake anayepiga kelele ndiye anayeshonewa kwanza. Mimi nilijifunza kupiga kelele mapema.

Mwanamume wa namna hii akipenda, ni taabu kwa mtaa mzima. Na Épitace alimpenda Akeza.

Akeza anasuka nywele mkabala na sisi. Ana mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Épitace alimpenda muda mrefu bila mtu yeyote kujua, hata Akeza mwenyewe, maana dalili pekee ilikuwa kwamba alikuwa anampisha njia zaidi kuliko anavyowapisha wengine. Kisha akaanza kumshonea mwavuli. Mwavuli ule haukuwa na kosa. Aliushona leo, kesho akauomba tena auangalie, hadi siku moja Akeza akaweka chanuo chini.

"Épitace, we unanitaka mi ao unataka mwavuli?"

Épitace akainamisha kichwa. "Vile utapenda we," akasema.

Nusura nimrushie kiatu. Lakini Akeza alicheka, na mwanamke akicheka hivyo jambo limekwisha. Ilibaki kwa baba yake tu, mzee Gakiza, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Mzee Gakiza alikuwa na duka Area 23, kule Lilongwe. Serikali ilipowarudisha kambini wakimbizi wenye maduka mjini, wengine walirudi na mizani, wengine na friji. Yeye alirudi na raketi mbili za tenisi na gunia la mipira iliyochakaa. Ujanani alifagia viwanja vya tenisi Bujumbura, na ukifagia kiwanja kwa muda mrefu, alisema, ipo siku mwenye raketi atakosa mtu wa kucheza naye, akuite wewe. Hata alipokuwa na duka, kila Jumamosi alifunga mapema akaenda Area 49 kwa rafiki yake Bambo Chisale, Mmalawi mstaafu mwenye kiwanja nyuma ya nyumba. Huku kambini alichora mistari ya majivu nyuma ya kanisa. Wavu ulishonwa kwa magunia ya vitunguu. Na aliyeushona, bila kuambiwa mara mbili, ni nani tena kama si Épitace?

Basi mimi na pasteri wetu tukaenda kumposea. Mzee Gakiza alitusikiliza vizuri, akatuletea soda, akajikuna bega lake la kulia linalomsumbua.

"Ule kijana namupenda," akasema. "Mulevi hapana. Mwizi hapana. Shida yake moja: hajue kusema hapana. Siku muntu atakuya kumunyang'anya bibi, atamusaidia kufunga mizigo."

Pasteri alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu ilikuwa kweli.

"Mutoto yangu nitamupatia muntu mwenye anaweza kunisimamia mbele," mzee akaendelea. "Akuye pale kiwanjani. Siku atanipiga mupira wa kwanza, mi nishindwe kuurudisha, njo mukuye tena hapa."

Kwa wasioujua mchezo nieleze kama nilivyoelezwa. Anayeanza anasimama nyuma ya mstari, anaurusha mpira juu, anaupiga uvuke wavu na kudondoka ndani ya kisanduku kilichochorwa upande wa pili. Akikosa, anapewa mpira wa pili. Huyo anayeanza ndiye mwenye nafasi ya kuumiza, maana hapo hakuna anayemsumbua. Ni yeye na mkono wake.

Lakini ona mtego. Kwetu, Warundi na Wakongo sawasawa, baba mkwe humtazami usoni. Kitu unampa kwa mikono miwili, na ukipishana naye njiani unaingia hata kwenye mtaro. Leo Épitace anaambiwa amtwange mpira mzee huyohuyo mpaka ashindwe. Akimshinda, amemkosea heshima. Asipomshinda, amekosa mke. Nilimhurumia, kisha nikakumbuka ule mwavuli nikaacha.

Siku ya kwanza kiwanjani nilikuwepo, na nusu ya soko ilikuwepo. Mzee Gakiza alianza na namna ya kushika.

"Usiishike sawa vile sufuria. Raketi unaisalimia. Iko muntu anakupa mukono. Haya, isalimie."

Hapo likatokea kosa ambalo Mzungu asingelifanya hata umlipe. Épitace akapangusa kiganja kwenye suruali, akainama, akashika mpini kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto akauweka chini ya kiwiko cha kulia, kama tunavyofanya tukimsalimia mkubwa. Akabaki hivyo, ameinama, anangoja raketi iitikie.

"Muzuri," mzee akasema. "Sasa mupira nani atautupa juu? Malaika?"

Watu walicheka hadi wavu wa vitunguu ukatikisika. Épitace aliona haya, akautoa mkono wa kushoto, lakini kila mara alipotaka kumpigia mzee ulirudi wenyewe kwenye kiwiko. Ilichukua Jumamosi kadhaa kuuachisha. Na ulipoachishwa tukagundua tatizo jingine: kwa mshiko ule wa salamu, mpira wake wa kuanzia uliruka juu, laini, ukadondoka mbele ya mzee kama mtu anayempelekea chai.

"Ile ya kusalimia njo ya kurudisha mupira," mzee akamweleza. "Ya kuanza, geuza mukono kidogo. Makali ya raketi yatazame wavu. Shika sawa vile unashika shoka."

Épitace akageuza mkono. Akainua raketi juu ya kichwa, makali mbele, akamwona mzee kule ng'ambo amesimama anamngoja. Mkono ukashuka polepole.

"Siwezi, muzee."

"Juu ya nini?"

"Shoka juu, muntu mbele." Akatikisa kichwa. "Ile siwezi."

Hakuna aliyecheka hapo. Wote wawili ni watu wa Burundi, wa miaka ileile ya vita, na kila mmoja aliiacha nyumba yake kwa sababu ya mkono ulioinuliwa hivyo. Mzee Gakiza aliokota mipira yake akasema jua limekuwa kali. Mimi nilienda nyumbani moyo umenisinyaa, nikajilaumu kwa kumcheka sana siku ile ya kwanza.

Wiki nzima Épitace alishona tu, kiwanjani hakukanyaga. Akeza alikuja akasimama kwangu, akanong'ona, naye si mtu wa kunong'ona.

"Mama Cadeau, mi sitaki mwanaume wa kupiga bantu. Lakini kuzeekea kwa baba pia sitaki. Umusaidie."

Nimsaidie vipi, mimi ambaye raketi naiona kama chujio kubwa? Lakini nina macho. Na siku ileile Épitace alimaliza gauni la kitenge la mteja. Kila akimaliza nguo hufanya jambo moja, nimeliona mara zisizohesabika: anatoka nje ya kibanda, anageukia upande usio na watu ili vumbi lisimfikie mtu, anaishika nguo pembeni, anainua mkono juu ya kichwa na kuikung'uta mara moja, nyuzi zote zianguke. Pa! Sauti yake inasikika hadi kwa wauza mkaa.

"Épitace!" nikaita. "Simama vile vile. Usifungue mukono."

Nikamnyang'anya gauni nikamtia raketi aliyoazimwa na mzee kwenye ngumi ileile, bila kuigeuza hata kidogo. Ikakaa makali mbele. Kifundo cha kidole cha kwanza kilikuwa juu, juu kabisa ya mpini. Ulikuwa mshiko uleule wa shoka, sikumwambia.

"Kung'uta," nikasema.

Akakung'uta. Kiwiko kilipanda, kiganja kikajigeuza chenyewe mwishoni, na raketi ikapasua hewa ikatoa mlio niliousikia tumboni.

"Iko kitenge," nikamwambia. "Unamutolea muzee nyuzi tu. Hakuna kitu ingine."

Aliitazama ngumi yake kwa muda. Kisha akatabasamu, siyo lile tabasamu lake la bombani. Mpira wa kwanza alioupiga pale ulitua kwenye beseni la usipa la mama mmoja wa Kimalawi, samaki wadogo wale wakaruka kila upande, na Épitace akatumia mchana uliobaki kuwaokota mmoja mmoja na kuomba radhi. Lakini mpira ulienda! Uliniacha mdomo wazi.

Tangu hapo alijifua ukutani kwa kanisa mpaka pasteri akalalamika kuhusu rangi. Ukuta aliupiga vilivyo. Mzee Gakiza akisimama mbele yake, mkono unakuwa wa pamba tena. Nilimtukana, nikambembeleza, nikamtukana tena. Hakuna.

Ndipo Bambo Chisale alipotuma ujumbe kwamba amemkumbuka sana rafiki yake na kiwanja kinaota majani. Mzee akaomba kibali cha kutoka kambini, akasema Épitace aje, Akeza aje, na mimi nikajiongeza mwenyewe kwa kisingizio cha kutafuta robota la nguo Area 36. Bambo Chisale alituletea pikapu. Nyuma ya gari Épitace alikaa kwenye ukingo kabisa ili sisi wanawake tupate nafasi, na kila kwenye shimo alimwomba Akeza msamaha kana kwamba barabara ile aliichimba yeye.

Kiwanja cha Area 49 si cha majivu. Ni udongo wa kichuguu uliopondwa na kushindiliwa, mwekundu, laini, na mistari ya chokaa imenyooka. Mpira ukidondoka unaacha alama unayoweza kuigusa kwa kidole. Wazee wawili walicheza kwanza, wakagombana kwa Kichewa na kwa mapenzi makubwa, mpaka Bambo Chisale akashika kiuno akaketi nasi kwenye viti.

"Lete kijana," akasema.

Épitace akasimama nyuma ya mstari. Mzee Gakiza akasimama ng'ambo, bega moja limeshuka, jasho linamtiririka. Ilikuwa wazi kwamba amechoka. Mimi nafikiri alikuwa amechoka pia kusubiri siku hiyo, kama sisi sote.

Mpira wa kwanza ulienda laini, mzee akaurudisha bila kusogea. Uliofuata ukaenda laini. Na mwingine. Akeza kando yangu alikuwa anavunja vidole vyake kimoja kimoja. Ghafla akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Épitace! Kung'uta!"

Alimtazama Akeza. Kisha akanitazama mimi. Akageuza kifundo cha kidole kikakaa juu ya mpini. Akaurusha mpira, mkono ukapanda, na nikaisikia ile pa! niliyoizoea kibandani. Mpira ulivuka wavu chini kabisa, ukagonga udongo, ukampita mzee Gakiza akiwa bado anainua raketi, ukaenda kugonga uzio.

Nilipiga vigelegele vya kwetu Uvira, Kongo, vile vya harusi. Bambo Chisale akapiga makofi. Mzee Gakiza aligeuka akautazama uzio, akatutazama sisi, akamtazama binti yake.

"Ndani," akasema. "Umenishinda."

Akeza alishaanza kulia. Mimi nilishaanza kufikiria kitenge cha sare. Épitace tu ndiye hakusogea. Alikuwa ameukazia macho mstari wa kisanduku.

"Hapana, muzee," akasema.

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Imetoka," akasema tena.

"Mi nimesema iko ndani!"

Épitace akaanza kutembea. Akazunguka wavu, akaja mpaka upande wa mzee, mkono wa kushoto ukaanza kupanda kuelekea kiwiko cha kulia, akaushusha. Akachuchumaa akaonyesha kwa kidole.

"Alama iko hapa. Mustari uko hapa. Imetoka."

Mjinga wewe, nilisema moyoni, na nadhani pia nilisema kwa sauti. Umekabidhiwa mke mkononi, unamrudisha dukani! Maisha yake yote hajamkatalia mtu, hata kuku, na siku anapokata shauri kukataa anamkatalia baba mkwe, mbele ya watu, jambo lililokuwa la faida yake. Nilitaka ardhi inimeze, au immeze yeye.

Mzee Gakiza akaitazama alama. Alifagia viwanja vile ujanani, mistari anaijua kuliko mtu yeyote. Akamtazama Épitace usoni, na Épitace, kwa mara ya kwanza nilivyowahi kuona, hakuinamisha macho.

"Na nikikataa?"

"Utakuwa umekosea, muzee."

"Unajua kitu gani unatupa?"

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

Nimemfahamu muda mrefu, nami ni shahidi kwamba hajawahi kusema kwamba kitu fulani ni chake, si zamu bombani, si kiti kwenye pikapu.

"Nataka mupira wangu wa pili," akasema.

Mabega ya mzee Gakiza yakaanza kutikisika, nikadhani amekasirika. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika bega bovu.

"Mama Cadeau," akaniita bila kugeuka, "mwambie pasteri akuye. Na we," akamwambia Épitace, "rudi kule. Mupira wa pili ni haki yako. Nitaurudisha."

Na aliurudisha. Épitace akapitwa, akakimbia hadi kwenye uzio kuufuata, na Akeza akaokota kiti chake akakaa, akafuta macho, akasema sasa huyu anaweza kuishi naye.

Walifunga ndoa baada ya Pasaka. Bombani Épitace bado anapisha, na kuku bado wanapita. Ila suruali zake zina viraka sasa, vizuri, vya mkono wake mwenyewe. Juzi nilimpelekea sketi yangu nikapiga kelele kama kawaida kwamba nina haraka. Hakuinua hata kichwa kutoka kwenye cherehani.

"Hapana, Mama Cadeau," akasema. "Ngoja zamu yako."

Nilikasirika sana. Nikavuta kigoda, nikakaa, nikangoja.